Kisiwa Kinakula Mbali: Siku Tano za Mombasa na Viunga Vyake

Daftari limerudi na matope ya Jomvu kwenye jalada. Picha zimezidi mia tatu, nusu yake ni za kuta na mashina ya miti. Simulizi hii imepangwa upya kutokana na hayo. Safari ilikuwa mwishoni mwa Januari, upepo wa kaskazi ukivuma, na siku tumezihesabu kwa mwezi mwandamo kwa sababu kalenda ya ukutani haikuambii maji yatakupwa saa ngapi.

Shabaha ilikuwa kufuata vitu vinavyokifanya kisiwa cha Mombasa kikalike, yaani jiwe, maji, mnazi, mkoko na samaki, hadi huko vinakotoka. Elimu inayochunguza mambo haya ni ikolojia ya binadamu, na ndani yake mna ugomvi wa siku nyingi. Mwaka 1915 Ellsworth Huntington wa Marekani alidai kwamba hali ya hewa ndiyo inayoamua ustaarabu wa watu, na kwamba nchi za joto huwalegeza. Anayeliamini dai hilo asimame soko la Marikiti saa sita za mchana amtazame hamali anavyoshusha magunia. Mwenzake Julian Steward, mwaka 1955, alileta njia inayobebeka safarini. Kwanza tazama chombo na kile kinachochumwa kwa chombo hicho. Pili tazama kazi inavyopangwa: nani, wangapi, lini. Tatu uliza mpangilio huo unagusa nini kingine, iwe ardhi, deni, ibada au ndoa. Maswali hayo matatu tuliyaandika ndani ya jalada na kuyajibu kila kituo.

Siku ya 1. Jumatatu, mwezi 28. Mji wa Kale

Kifungua kinywa Kibokoni: mahamri manne shilingi 40, sahani ya mbaazi za nazi 60, chai ya tangawizi 30. Hatua chache kutoka hapo palikuwa na nyumba ya ghorofa inayokarabatiwa, mlango wazi, vumbi la chokaa hadi barabarani. Tulibisha hodi. Fundi, mzee wa makamo na kofia yake ya kazi, alitutazama na mita yetu ya mkono akacheka. "Pimeni, wanangu, lakini hiyo boriti ya pembeni msiiguse, yaniangalia kwa jicho baya."

Vipimo: ukuta, sentimita 52. Chumba, upana mita 2.7, urefu karibu mita 8. Boriti zimelazwa kukata upana, nafasi kati ya moja na nyingine haifiki sentimita 30. Juu yake vibapa vya jiwe la tumbawe, juu ya vibapa zege la chokaa lililopigwapigwa hadi likashikana.

Kwa nini chumba cha namna hii ni chembamba na kirefu kama ukumbi? Jibu liko kwenye mikoko. Boriti iliyonyooka, yenye unene wa sentimita 11 hadi 14 hivi, haivuki mita 3 bila kulegea chini ya uzito wa jiwe na chokaa. Mti wa matopeni ndio uliopima upana wa sebule. Tajiri wa Mvita, yaani Mombasa ya kale, hakuweza kununua chumba kipana, kwa hiyo utajiri wake aliuweka kwingine: vyumba vingi, ghorofa ya pili, vidaka vya nakshi ukutani, mlango wa kuchongwa. Ndilo jibu la swali la tatu la Steward, na hakuna kitabu kinacholionyesha vizuri kama dari yenyewe ukiitazama ukiwa umelala chali.

Jiwe nalo ni la aina mbili, na ukichanganya utaharibu. La kuta ni jiwe la nchi kavu, tumbawe la kale lililokuwa mwamba, lenye matundu na gumu kuchonga. La nakshi, fremu na vidaka ni tumbawe lililokatwa baharini likiwa bichi. Likiwa na maji huchongeka karibu kama muhogo, likikauka huwa gumu. Chokaa hutoka kwenye matumbawe hayohayo: magogo hupangwa mviringo, vipande vya matumbawe hurundikwa juu, moto huwashwa hadi joto lifike karibu nyuzi 900, kisha kilichobaki humwagiwa maji kikachemka na kuvurugika kuwa unga. Unga huo hauendi ukutani siku hiyo. Huachwa ukiwa na unyevu kwa miezi, la sivyo chembe ambazo hazijaiva zitaendelea kufura ndani ya lipu na kuitoboa.

Tatizo la nyumba ile lilikuwa saruji. Mwenye nyumba wa awali aliona lipu ya chokaa imechoka akapiga ya saruji juu yake. Ukuta wa matumbawe hunywa unyevu wa ardhini na wa hewa ya bahari, kisha huutoa kupitia chokaa. Saruji huuzibia njia. Chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, hukauka ikawa fuwele, fuwele husukuma, na lipu hutoka vipande vipande kama ukoko wa wali. Hilo ni la kuudhi tu. La hatari ni unyevu uliofungiwa, ambao huifuata boriti pale kichwa chake kilipoingia ukutani na kuiozesha kwa ndani, mahali pasipoonekana. Fundi aligonga boriti ile ya pembeni kwa mpini wa nyundo, ikajibu kwa sauti ya debe tupu.

Dawa yake: ng'oa saruji yote hadi jiwe, sugua chumvi kwa brashi kavu (ukiosha kwa maji unairudisha ndani), acha ukuta ukauke kwa wiki kadhaa, kisha piga chokaa 1 kwa mchanga 3 kwa tabaka nyembamba, kila tabaka likinyunyiziwa maji lisikauke kwa pupa. Mchanga wa bahari usiooshwa ni kurudisha ugonjwa uleule.

Boriti mpya alikuwa akizingoja kutoka Lamu. Zamani majahazi yalishuka na kaskazi yakibeba tende na mazulia, yakapanda na kusi yakiwa na boriti za kwenda Uarabuni, kwa watu wasio na mti wa kuezekea. Serikali ilipiga marufuku kuuza nguzo za mikoko nje ya nchi mwaka 1982.

Bi mkubwa wa nyumba ya pili alitutumia mjukuu na jagi la ukwaju baridi. Pesa alikataa, akataka tu kuona picha za dari ya jirani yake, ambayo kwa miaka yote ya ujirani hakuwahi kuiona.

Kwa wanaofuata: ingia vichochoroni saa nne hadi saa nane mchana, wakati watu wengine wanakimbilia ufuoni. Kuta ndefu na njia nyembamba huweka kivuli chini siku nzima, na pembe zilizo wazi kuelekea bahari huvuta upepo. Ngome ya Yesu, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593 na kuingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2011, iache hadi alasiri. Usipige picha ya baraza yenye watu kabla ya salamu.

Siku ya 2. Jumanne, mwezi 29. Visima, mikokoteni na Majengo

Asubuhi mfereji wa nyumba ya wageni ulikuwa mkavu. Muuza maji alikuja na mkokoteni, mitungi ya lita 20, kila mmoja shilingi 30. Fanya hesabu: mitungi 50 ndiyo lita 1,000, kwa hiyo lita elfu ni shilingi 1,500. Asiyekuwa na tangi hununua maji kwa bei ya juu kuliko mwenye nalo, kila wiki, maisha yake yote.

Kisiwa kina visima vingi, na wengi huuliza kwa nini basi watu wanunue. Maji matamu chini ya Mombasa ni mvua iliyopenya mwamba wa matumbawe. Hayakuzuiwa na jiwe chini yake, yanaelea juu ya maji ya chumvi yaliyopenya kutoka baharini, kama mafuta juu ya mchuzi. Kanuni iliyopatikana na Mholanzi Badon Ghijben mwaka 1888 na Mjerumani Herzberg mwaka 1901 yasema hivi: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 chini yake. Ukiigeuza kanuni ndipo utaona hatari. Ukishusha uso wa maji kwa sentimita 10 kwa pampu, mpaka wa chumvi waweza kupanda mita 4.

Kwa hiyo kisima cha zamani, kipana, kifupi, cha kuteka kwa ndoo na kamba, kilikuwa chombo sahihi. Kamba huchosha mkono kabla ya kuchosha maji, na ndoo huchota juu kwa juu. Pampu haichoki. Jengo likichimba kisima kirefu ili kupata maji mengi, hupata mengi ya chumvi na huwachumvishia majirani. Kipimo cha bure cha mjini ni sabuni: povu likikataa, maji hayo ni ya kusafishia sakafu. Jambo la pili ni vyoo vya shimo. Matumbawe yana mianya, na uchafu husafiri ndani yake haraka kuliko kwenye udongo unaochuja. Maji ya kisima cha mjini usinywe bila kuyatibu hata yakiwa matamu.

Maji ya kunywa basi hutoka mbali. Chemchemi za Mzima zilizo Tsavo zinayapata kwenye mawe ya volkano ya vilima vya Chyulu, na bomba lililolazwa miaka ya 1950 huyaleta zaidi ya kilomita 200. Marere ni ya Shimba Hills, Tiwi ni kusini, Baricho ni kando ya Mto Sabaki upande wa Malindi. Hakuna hata kimoja kati ya vyanzo hivyo kilicho kisiwani.

Mchana, Majengo. Hapa pana nyumba ya Kiswahili ya kawaida: mlango katikati, ukumbi mrefu, vyumba vitatu kila upande, nyuma uani penye jiko na choo. Familia hukaa vyumba viwili na kupangisha vingine. Kuta za zamani ni za fito zilizokandikwa udongo na mawe, paa la makuti sasa mabati. Cha kutazama zaidi hapa ni ardhi: Mombasa ina mtindo wa nyumba bila ardhi. Mtu anamiliki nyumba, anaiuza na kuirithisha, lakini kiwanja ni cha mwingine anayelipwa kodi ya ardhi. Ndiyo sababu wengi waliogopa kujenga kwa jiwe: ukifukuzwa, nyumba ya fito hubomolewa ukaondoka na miti yako, ya jiwe huondoki nayo.

Mwaka 1925 Ernest Burgess wa Chicago alichora mji kama mabiringi, duara ndani ya duara: biashara katikati, kisha wahamiaji na maskini, kisha wafanyakazi, wenye nafasi zao pembezoni. Tuliijaribu ramani hiyo juu ya Mombasa, na inavunjika kwenye maji. Mji huu hauenei kwa biringi, unatoka kwa matundu: Nyali, Makupa, Likoni. Thamani ya kiwanja hufuata umbali wako na daraja au feri. Anayekaa Likoni yuko nusu kilomita tu kutoka kisiwani, lakini foleni ya feri humweka mbali kuliko wa Nyali.

Siku ya 3. Jumatano, mwezi mosi. Mazeras na Rabai

Matatu ya Mazeras shilingi 100. Kati ya Changamwe na Miritini malori yalikuwa yamefunga njia, saa moja na dakika arobaini bila kusonga. Makanga aliwashusha mama wawili wenye watoto wachanga akawatafutia kivuli na maji kabla hajajinunulia yake. Kutoka Mazeras, boda hadi Rabai, 100 nyingine.

Rabai ndiko mmisionari Mjerumani Krapf alikoanzisha misheni mwaka 1846, na makumbusho yako ndani ya kanisa la kale. Piteni hapo kwanza, maana ruhusa ya kuingia kaya, yaani miji ya kale ya Wamijikenda iliyo ndani ya msitu, hutoka kwa wazee, na njia fupi ya kuwafikia ni kupitia wenyeji wanaowajua. Usijipeleke na boda hadi ukingoni mwa msitu. Misitu ya kaya za Wamijikenda iliingia urithi wa dunia mwaka 2008, na za Rabai zimo.

Kaya ilikuwa mji uliozungushiwa msitu: uwanja katikati, makaburi, njia chache zenye malango, na pori nene la kumchelewesha adui. Watu walianza kuzijenga karne ya 16, na kufikia miaka ya 1940 walikuwa wamehama kwenda mashambani. Msitu ukabaki na miiko yake: haukatwi mti, hauokotwi ukuni, hakuna kutoka na kitu. Tulioneshwa ukingo wake mchana. Upande mmoja wa njia ni mihindi iliyonyauka na udongo mwekundu wenye mifereji ya mvua, upande wa pili kivuli kizito, na halijoto ilishuka tukiwa tumepiga hatua kumi.

Roy Rappaport, aliyekaa na Watsembaga wa Papua New Guinea, alieleza mwaka 1968 kwamba ibada zao za kuchinja nguruwe zilikuwa kama kidhibiti: ziliamua lini mifugo ipungue, lini vita vianze, lini ardhi ipumzike. Wageni wengi huitumia hoja hiyo kwa kaya wakasema wazee walikuwa wahifadhi wa mazingira. Ni kusema nusu. Kaya haikuwekwa kwa ajili ya miti. Iliwekwa kwa ajili ya usalama, wafu na heshima, na miti ilinusurika ndani ya hayo. Tofauti hiyo si ya maneno. Mwiko hulinda msitu pale tu watu wanapowaogopa au kuwaheshimu wazee wanaousimamia. Ardhi ya kando ikipata hati na mnunuzi, mwiko hauna karatasi ya kupeleka mahakamani.

Kisha mnazi, na hapa tulikaa nusu siku.

Mgema aliyetupokea alipanda kwa vidato vilivyochongwa kwenye shina, kisu kiunoni, kibuyu mgongoni. Huchagua karara ambayo haijapasuka, yaani panda la maua likiwa bado ndani ya ala yake. Hulifunga kwa ukuti liwe kama mkono ulioviringwa bandeji, maana likiachwa litapasuka na kuchanua. Kwa siku kadhaa hulipinda kidogo kidogo lielekee chini. Kisha hukata ncha, na kila asubuhi na jioni huondoa kibanzi chembamba sana ili kidonda kisizibe. Utomvu hudondoka ndani ya kibuyu. Kibanzi kikiwa kinene panda huisha kabla ya wakati, kikiwa chembamba mno kidonda hukauka. Aliturushia kimoja: kilikuwa kama kucha, kinapitisha mwanga.

Unaodondoka asubuhi ni mtamu na kidogo una gesi. Chachu inayokaa kwenye kibuyu huanza kazi papo hapo, na ndiyo sababu kibuyu hakioshwi kwa sabuni. Jioni umeshakuwa mkali, kesho kutwa ni siki. Bidhaa isiyongoja hujichagulia jiografia yake: mangwe, yaani vilabu vya tembo la mnazi, zimepangana kando ya barabara za kuingia mjini, na boda zenye madebe hushuka Mazeras asubuhi kabla ya jua.

Panda linalogemwa halizai nazi. Kila mnazi ni uamuzi wa mwenyewe kati ya pesa ya leo na nazi za mwaka mzima, na nazi zina jamaa zake: tui, makumbi ya kusokota kamba, vifuu vya makaa. Makuti pia, ya viungo kwa paa na ya kumba kwa ua. Mwenye shida ya ada ya shule hugema. Mwenye shida zaidi huweka minazi rehani, na huko minazi yaweza kuwa ya mtu mmoja na ardhi ya mwingine. Jana Majengo tuliona nyumba bila ardhi, leo mnazi bila shamba. Pwani imezoea kutenga kilichosimama na kilichokisimamisha, na mwanasheria wa bara hupata tabu sana kulielewa hilo.

Chakula: sima, mchicha wa nazi na dagaa, shilingi 120.

Siku ya 4. Alhamisi, mwezi pili. Mikoko ya Jomvu

Hii ndiyo siku iliyopangiwa mwezi. Bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida, huja siku moja mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, na katika siku hizo Mombasa maji hujaa kwenye saa kumi na kukupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Kwa wastani maji huchelewa dakika 50 kila siku, kidogo chini ya hapo siku za bamvua, zaidi ya saa nzima siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu. Tulikuwa kwenye tope la Jomvu Kuu saa tatu na nusu.

Mikoko haikai ovyo. Mbele, panapofunikwa na maji kila siku, ni mlilana. Nyuma yake mkoko wenyewe, wenye mizizi kama miguu ya buibui, kisha muia na mkandaa, na nyuma kabisa penye chumvi nyingi, mchu, ingawa mchu hujitokeza pia upande wa maji. Wakataji wana majina kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Fito ni za kukandikia, boriti ndiyo ya dari ya Jumatatu. Kosa la mkataji liko hapo. Soko hutaka boriti iliyonyooka, hivyo miti minyoofu huondolewa kizazi baada ya kizazi, na iliyobaki kuzaa ni ile iliyopinda.

Misitu hii ni hifadhi ya serikali tangu 1932, lakini pigo kubwa halikuwa la shoka. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo kutoka mashamba ya juu hadi kwenye hori la Mwache. Mizizi ya mkoko hupumua kwa vitundu vidogo vilivyo juu ya tope. Tope jipya lilipovifunika, miti ilikufa imesimama, bila mtu kuigusa. Ile mifereji myekundu ya Rabai huishia kwenye hori kama hili.

Akina mama wa kikundi cha upanzi walitufundisha kazi. Okota mbegu ndefu ya mkoko iliyokomaa, ile yenye pete ya rangi ya njano pale inapokutana na kofia yake. Ya kijani kabisa haitaishi. Ikague isiwe na tundu la mdudu. Chomeka theluthi moja kwenye tope, ncha kali chini, mita moja kwa mita moja. Usipande kwenye tope tupu la mbele kwa sababu tu kuna nafasi: mahali ambapo mkoko haujawahi kuota, mara nyingi maji hukaa muda mrefu mno. Kaa huja usiku na kukata miche mipya. Miche mirefu huokoka zaidi. "Mradi akija na miche elfu kumi apande siku moja apige picha, twajua itakufa," mmoja wao alisema, akiendelea kuchomeka. Tuliambulia miche 64 kwa saa mbili, wao watatu walikuwa wamepita mia tatu.

Maji yalianza kurudi na tukatoka. Mama mmoja alitupa ndoo ya maji ya kuosha miguu, maji ya mtungi wa shilingi 30.

Kwa wanaofuata: viatu vya kufunga kwa kamba, ndala humezwa na tope. Wenye siku ya ziada wavuke Likoni (kwa miguu feri ni bure) wapande matatu za kusini hadi Gazi. Huko mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya ukaa inayofyonzwa na mikoko tangu 2013, kama tani 3,000 kwa mwaka kutoka hekta 117, na mapato yamekwenda kwenye maji na shule.

Siku ya 5. Ijumaa, mwezi 3. Mwamba na machimbo ya Bamburi

Maji yalikupwa kwenye saa tano kasorobo. Mvuvi wa malema alituruhusu kumfuata mwambani. Lema ni mtego wa kusukwa wenye matundu ya pembe sita na mdomo unaoingia ndani kama faneli. Ndani mwani na matumbo ya samaki, juu mawe ya kulizamisha. Walionaswa: tasi wanne, pono mmoja, changu wawili wadogo aliowarudisha.

Juya, wavu wa kukokota, lilipigwa marufuku mwaka 2001 kwa kuwa hufagia nyasi za bahari na samaki wachanga. Ila bado lipo mahali pengi. Wakati wa kusi, Aprili hadi Oktoba hivi, bahari ya nje ya mwamba haiendeki kwa mtumbwi, na juya huhitaji vijana wengi wasio na chombo chao. Ukiliondoa bila kuwapa hao kazi, umeondoa wavu ukaacha njaa. Elinor Ostrom, aliyeshinda Nobeli mwaka 2009, alionyesha kwamba watumiaji wenyewe huweza kutunza mali ya pamoja wakijiwekea sheria na kuzisimamia. Kuruwitu, kaskazini mwa Mombasa, wavuvi walitenga hekta 30 hivi katikati ya miaka ya 2000 na kuziita tengefu.

Tahadhari ya mwambani: maji hayajai kwa mwendo mmoja. Kati ya saa sita za kujaa, saa ya tatu na ya nne hubeba nusu yote. Bamvua ya mita 3 na nusu huinuka karibu mita 1.75 kwa saa hizo mbili. Na mifereji iliyo nyuma yako hujaa kwanza. Ukiona mvuvi ameanza kurudi, rudi.

Swala ya Ijumaa ilifunga maduka hadi saa nane kasoro. Kisha wali na mchuzi wa pweza, 350. Tulimuuliza mama wa kibanda kila kitu kimetoka wapi. Mchele Pakistani, vitunguu Tanzania, nazi Kilifi, maji Baricho. Pweza ndiye peke yake wa hapa.

Alasiri tulimalizia Haller Park, machimbo ya kale ya saruji. Uchimbaji uliacha jangwa la tumbawe tupu, jeupe, lenye maji ya chumvichumvi chini kidogo. Mwaka 1971 Rene Haller alianza kupanda. Kati ya aina 26 za miti zilizojaribiwa ni tatu tu zilizoishi, na mvinje ndio ulioongoza, kwa kuwa mizizi yake hushirikiana na bakteria wa Frankia kupata nitrojeni hewani. Lakini majani yake membamba yalirundikana bila kuoza, kwa wingi wa tanini, kemikali ya ukakasi. Wakaletwa majongoo wenye miguu myekundu, wakayala, na kinyesi chao ndicho kikawa udongo. Fukua kwa kidole leo: sentimita kadhaa za udongo mweusi, chini yake jiwe jeupe.

Foleni ya kurudi kupitia Nyali ilikula saa moja, mbele yetu lori la mifuko ya saruji ya kilo 50.

Usiku fundi wa Kibokoni alituma picha. Lipu ya saruji imeng'olewa hadi jiwe, boriti ya pembeni imetolewa, kichwa chake kimebaki uzi na unga. Chokaa, aliandika, ataianza baada ya wiki tatu, ukuta ukishakauka, na boriti za Lamu bado hazijafika.